Miche imekuwa kama tambi: Bibi Shamba anajibu meseji zenu

Haya wapenzi wa bustani tumekutana tena. Safari hii nimefungua meseji zenu nikawa nacheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza bibi kuna nini, maana picha ni ileile inajirudia, kikopo dirishani na ndani ya kikopo vijiti vyembamba vyeupevyeupe vimelala upande mmoja vinachungulia nje kama abiria wa kituoni wanaoangalia kama daladala inakuja. Basi toleo hili lote nimewapa watu wa miche ya ndani. Mlioniuliza mambo ya kuku na kideri mnisamehe, zamu yenu inakuja.

Swali: Shikamoo Bibi Shamba. Naishi Sinza ghorofa ya pili, sina hata kipande cha ardhi ila napenda sana bustani. Nilisia nyanya kwenye vikopo vya mtindi nikaviweka dirisha la sebuleni, zikaota siku ya sita nikafurahi. Sasa zina wiki tatu, ni ndefu kama kiganja lakini nyembamba kama uzi wa kushonea, zimelala zote kuelekea kioo. Jirani akaniambia zina njaa nikaweka yurea nusu kijiko cha chai kwenye lita ya maji, ndo zikazidi kurefuka. Nazimwagilia asubuhi na jioni. Nifanyeje au nimwage tu? *Mpangaji wa ghorofa ya pili*

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimwage. Una bahati ulichootesha ni nyanya, yangekuwa matango ningekwambia mwaga uanze upya kesho asubuhi.

Huyo jirani msalimie sana lakini kwa hili kakupoteza. Hizo nyanya hazina njaa, zina giza. Mbegu ikiwa chini ya udongo haioni kitu, kwa hiyo ina akili moja tu, irefuke harakaharaka itoboe juu kabla akiba iliyozaliwa nayo haijaisha, majani baadaye, unene baadaye. Ikifika juani inajua imefika, inaacha mbio inaanza kunenepesha shina na kufungua majani. Sasa ya kwako imetoka kwenye udongo ikaingia sebuleni, na sebule yako kwa mche ni kama udongo mwingine tu, bado inaamini imefunikwa na kitu basi inaendelea kukimbia. Kule kulala upande wa kioo ni kazi ya homoni inayoitwa auksini, inajazana zaidi upande wa shina ulio kivulini, upande ule unarefuka kuliko mwenzake na mche unapinda. Halafu kila ulichoupa juu ya hapo, maji mara mbili kwa siku, joto la chumba cha Dar kilichofungwa, yurea, vyote ulikuwa unamtilia mafuta mtu anayekimbia. Yurea ni naitrojeni asilimia 46, kazi yake kubwa ni kusukuma majani na urefu, na bila jua la kutosha kinachotoka ni kitu laini kama mlenda.

Najua unataka kusema lakini bibi sebule yangu ina mwanga wa kutosha, nasoma gazeti bila taa. Macho yanatudanganya mwanangu, ukiingia kivulini mboni inajipanua yenyewe unaona sawa tu, mche hauna mboni. Fanya hivi, saa nne asubuhi weka karatasi nyeupe pale vikopo vilipo, halafu nyoosha kiganja juu yake, kimo cha rula ya shule. Kama unaona kivuli cha mkono kimechongoka, vidole vitano unavihesabu, hapo pana mwanga wa kuoteshea nyanya. Kama unaona kiwingu tu kisicho na kingo, hapo ni pa kuweka maua ya plastiki. Na majumba yetu siku hizi jamani, dirisha la aluminiamu kioo cha tinti, juu yake wavu wa mbu, juu yake nondo, juu yake pazia la neti ambalo mama mwenye nyumba hataki liguswe, na mita mbili mbele kuna ukuta wa jirani. Mwanga unaofika kwenye kikopo ni makombo.

Kuna kitu kingine kinawaponza watu wanaojifunza kwa video, wanaambiwa weka miche dirisha linaloangalia kusini. Anayesema hivyo yuko Uingereza au Canada, kwao jua mwaka mzima liko kusini. Sisi Dar kuanzia kama Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linakuwa upande wa kaskazini, miezi iliyobaki ndo linahamia kusini, na lote hilo linapita juu sana ya paa hata halichungulii ndani. Dirisha la maana kwetu ni la mashariki, linapokea jua la asubuhi mwaka mzima na jua lenyewe ni la upole. La magharibi la pili yake ila mchana linachoma, kikopo cha plastiki kinapata moto kama sufuria. Kwa hiyo zunguka nyumba yako kwanza saa mbili asubuhi uone jua linaingilia wapi, hata kama ni jikoni, hata kama ni bafuni.

Sasa kuziokoa. Leo jioni wape maji matupu mengi yapenye yatoke chini, kuisafisha ile yurea, halafu usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke ukiugusa kwa kidole. Kesho kutwa tafuta chupa za maji za lita moja na nusu, kata shingo, toboa chini matundu matano kwa msumari uliopashwa moto. Udongo changanya ndoo mbili za udongo mweusi wa juu, ndoo moja ya samadi iliyooza mpaka hainuki tena, na ndoo moja ya mchanga, au pima kwa kopo kama miche ni michache. Toa mche na udongo wake, ushike kwa jani usiushike kwa shina, jani likikatika litaota lingine lakini shina ukiliminya ndo basi. Yale majani mawili ya kwanza yale laini yasiyo na meno, ya mbegu, yanyofoe. Kisha uzike mche mpaka chini kidogo ya majani halisi, kibaki nje kichwa tu.

Usiogope. Angalia shina la nyanya kwa karibu utaona lina manyoya na wakati mwingine vijipele vidogo karibu na chini, vile vijipele ni mizizi inasubiri kukutana na udongo. Kila sehemu ya shina utakayoifukia itatoa mizizi, kwa hiyo ule urefu uliokuwa unakuudhi unakuwa mtaji. Kama mche ni mrefu kuliko chupa ulaze ubavu ndani ya udongo na kichwa ukiegemeze juu, siku moja mbili utakuta kimesimama chenyewe. Ila fanya kazi hii udongo ukiwa umekaukakauka na mche umelegea kidogo, ukiwa umejaa maji unavunjika kama njiti ya kiberiti.

Ukimaliza weka kivulini siku mbili upumue, halafu anza kuutoa. Siku ya kwanza jua la saa moja mpaka saa mbili asubuhi basi, rudisha. Siku ya pili ongeza. Ukienda hivyo siku saba mpaka kumi umeshaweza kukaa nje kutwa. Watu wengi wakishaelewa kwamba shida ni mwanga wanachukua miche siku hiyohiyo wanaibwaga juani saa saba mchana, jioni majani yamekuwa meupe kama karatasi, halafu wananiandikia eti ugonjwa gani huu. Ngozi ya mche wa sebuleni ni ya mtoto mchanga.

Mbolea sahau kabisa mpaka uone majani halisi manne, na ukiweka weka NPK ya kuyeyusha kwenye maji ile ya namba zinazolingana, 19:19:19, gramu moja kwa lita, mara moja kwa wiki inatosha.

Na usijione mjinga, mimi mwenyewe ndo nikiwa na cheti mkononi niliharibu kitalu cha watu. Nilikuwa bibi shamba mpya kabisa, nikawaelekeza kina mama wa kikundi kimoja wasie kabichi wafunike na nyasi kavu kama kitabu kinavyosema, halafu nikapata msiba nikasafiri. Kitabu pia kinasema mbegu zikianza kuchomoza nyasi zitolewe, hicho kipande sikuwaambia, nilisema nitakuwepo mwenyewe. Kabichi inaota siku ya nne ya tano. Nimerudi siku ya tisa tunafunua nyasi, chini yake ni tambi tupu, njano, zimejisokota. Mama mmoja akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hizi ndo za kisasa?" Sijasahau mpaka leo.

Swali: Habari Bibi Shamba, huku kwetu Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali sana kwa hiyo hoho nimeoteshea jikoni karibu na jiko, trei moja. Zimeota vizuri ila ndefu na dhaifu, na sasa kila nikiamka asubuhi nakuta nyingine zimeanguka, ukiangalia shingoni pamekuwa pembamba na peusi kama pamebanwa na uzi. Nizike kama nyanya? *Mkulima wa jikoni*

Jibu: Hapana, simama kwanza. Hizo zilizoanguka zina kinyausi, na mche wenye kinyausi hauponi hata umwite nani. Ni fangasi wa kwenye udongo wanakula shina pale linapokutana na udongo, na wanapenda hasa mche mlaini uliorefuka, udongo uliolowa muda wote na hewa isiyotembea, yani jikoni kwako. Chota zilizoanguka pamoja na udongo wake na udongo wa pembeni yake kwa kijiko ukatupe mbali. Zilizobaki acha kumwagia juu, weka trei kwenye beseni lenye maji ya kina cha kidole kwa dakika kama ishirini zinywe kutokea chini, halafu itoe ichuje, na usirudie mpaka juu pakauke. Fanya asubuhi, usimwagilie jioni ukazilaza na maji usiku wa baridi.

Joto la jiko lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa sahihi kwa mbegu. Hoho bila joto haitaki kuota. Ikishatoboa tu kazi ya joto imepungua na kazi ya mwanga imeanza, na joto likiwa kubwa wakati mwanga ni mdogo ndo unatengeneza kamba. Kwa hiyo zikichomoza hata nusu yake, asubuhi jua likitoka peleka trei nje mahali pasipo na upepo, tengeneza kijibanda cha fito nne na nailoni nyeupe inayoonyesha, humo ndani Njombe hata Julai mchana panapata joto zuri, ukiona mvuke unatiririka kwenye nailoni funua upande mmoja. Saa kumi na moja jioni rudisha ndani. Kazi ya kubeba trei ni ya mtoto wa shule, mpe yeye awe mwenye trei.

Kuhusu kuzika, hoho siyo nyanya, shina lake haliotoi mizizi kirahisi hivyo. Unaweza kulishusha mpaka karibu na majani ya mbegu ili lisiyumbe, zaidi ya hapo unaliozesha. Na trei ambayo kinyausi kimeshapita nusu yake kusema kweli mimi ningesia upya. Hoho inakaa kitaluni wiki sita mpaka nane, ukibembeleza miche mibovu wiki tatu ndo ukubali imeshindikana umepoteza wiki tatu. Udongo mpya umwagie maji yanayochemka mpaka ulowe wote, uache upoe na ukauke siku mbili ndo usie, na trei ioshe na sabuni ikae juani.

Halafu jamani, hili halihusu hoho. Jiko la mkaa likilala linawaka ndani ya nyumba iliyofungwa kwa ajili ya kupasha miche joto, linaua watu. Miche ife, watu wabaki.

Swali: Habari yako Bibi Shamba. Mimi niko Pipeline hapa Nairobi, nyumba yangu inaangaliana na ukuta wa ploti ingine, hata saa sita mchana lazima niwashe stima. Nilipanda sukuma na dania kwa trei moja nikaweka kando ya dirisha, zimemea lakini ni ndefu, rangi imeisha, ukizigusa zinaanguka. Kuna mtu anauza taa za rangi ya zambarau anasema bila hizo mimea haiwezi kumea ndani ya nyumba, lakini bei yake ni ya kushtua. Lazima ninunue ama kuna njia ingine? *Mtu wa giza*

Jibu: Mtu wa giza nimekupenda bure. Usinunue. Zile za zambarau zinachanganya mwanga mwekundu na wa bluu ambao mimea inautumia sana, ni kweli, lakini taa nyeupe ya kawaida ina hizo rangi zote mbili ndani yake, na kwa miche inatosha kabisa. Nenda duka la vifaa vya umeme uulize tyubu ya LED ya futi nne, wati 18, ile nyeupe ya deilaiti, kwenye boksi imeandikwa 6500K. Usichukue ya manjano.

Ila sikiliza vizuri hapa maana ndo wengi mnapokosea, taa ikiwa darini ni sawa na hakuna. Mwanga unavyosafiri unatawanyika, ukiisogeza taa mbali mche unapata kidogo sana. Hiyo tyubu inatakiwa iwe juu ya majani upana wa vidole vinne, basi. Ifunge na kamba pande mbili ili kila miche ikipanda na wewe unaipandisha. Futi nne zinafunika trei mbili zilizopangwa kwa urefu, zikiwa tyubu mbili sambamba ni bora zaidi. Washa saa kumi na mbili asubuhi zima saa tatu usiku, hayo ni masaa 15, na usiku uache giza, na yenyewe inalala. Hesabu ya stima ni hii, wati 18 mara masaa 15 ni 270, yani robo ya uniti na kidogo kwa siku, mwezi mzima ni kama uniti nane. Wewe unajua uniti mnalipa ngapi hapo kwenu, piga hesabu uone kama sukuma inalipa. Nyuma na pembeni simamisha maboksi uliyoyabandika foili ya jikoni au hata karatasi nyeupe, mwanga unaotoroka unarudishwa. Waya na maji visikutane tafadhali.

Kabla hujaenda dukani lakini, pandeni huko juu mnakoanikia nguo ukaangalie. Kama mwenye ploti anakubali ukaweka trei mbili pembeni ya tangi, jua lote la Nairobi ni lako na halina tokeni. Njia ingine ya mkato kwa sukuma ni kuachana na mbegu kabisa, sukuma iliyozeeka inatoa vichipukizi ubavuni mwa shina, mwombe mtu mwenye bustani akuvunjie vitano ukavichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini, vinashika, na havina utoto wa kurefuka.

Hizo ulizonazo, sukuma punguza kwanza. Najua umemwaga mbegu kama chumvi, maana wote mnafanya hivyo. Miche ikibanana inaonana, kila mmoja unahisi kivuli cha mwenzake unarefuka kumpita, hata ukiwa na jua la Turkana. Chukua mkasi ukate iliyozidi usawa wa udongo, usiing'oe maana utatikisa mizizi ya jirani, ibaki mmoja kila upana wa vidole viwili, uliyokata tupia kwenye mchuzi. Iliyobaki ukihamisha ishushe mpaka majani ya mbegu yaguse udongo. Dania haipendi kuhamishwa, hiyo ivune ilivyo uweke kwenye supu, halafu usie nyingine moja kwa moja kwenye chombo itakachoishi.

Swali: Shikamoo bibi. Mimi ni Mtanzania niko Minneapolis, Marekani, dada yangu alinitumia mbegu za mchicha na ngogwe. Nilishindwa kusubiri nikasia Februari ndani ya apatimenti, dirisha linaangalia kusini na chini yake kuna hita. Sasa ni mwisho wa Machi mchicha umekuwa mrefu umedondoka wote, ngogwe zina majani manne ila shina linacheza. Nje bado theluji. *Mwenye hamu ya mchicha*

Jibu: Marahaba mwanangu uko mbali. Kumbuka nilichomwambia wa Sinza kuhusu dirisha la kusini, wewe sasa ndo mwenyewe wa lile dirisha, hapo hukukosea. Umekosea kalenda. Katikati ya Februari huko kwenu mchana ni masaa kumi na nusu hivi, jua lenyewe limeinama, na hita chini inapuliza, yani joto la Dar kwenye mwanga wa alfajiri.

Mchicha uliodondoka uache, sitakudanganya. Mchicha ni mmea wa jua kali na udongo wa moto, na unakua haraka mno hauhitaji kuoteshwa ndani. Subiri baridi ya kugandisha iishe, kwenu watu wanahesabu katikati ya Mei, ongeza wiki mbili udongo upate joto, tawanya mbegu moja kwa moja nje au kwenye ndoo kubwa. Juni kwenu mchana unapita masaa 15, mchicha utaota kama wazimu, wiki nne unachuma. Kwa hiyo mbegu zilizobaki zifungie kwenye kikopo kikavu, hapo ndo utajiri wako ulipo.

Ngogwe ni hadithi nyingine, ni za kuoteshwa ndani kweli maana zinachelewa, wiki nane kabla ya kutoka nje ni sawa, yani ungesia sasa hivi siyo Februari. Ulizonazo nadhani zinaokoleka. Sogeza mbali na hita, funga ile tyubu niliyomwelekeza wa Nairobi vidole vinne juu yake, hamishia kwenye chombo kikubwa kidogo ukishusha shina mpaka karibu na majani ya mbegu. Zikifika majani sita kata ncha ya juu, itatoa matawi pembeni na shina litanenepa. Na kuzitoa nje Mei usifanye kwa siku moja, ni zilezile siku kumi, huko upepo wenu nao ni adui mwingine.

Ukipata ngogwe ya kwanza piga picha unitumie, ikiwa na dagaa pembeni nitaelewa.

Swali: Bibi Shamba, niko Tanga, miche ya mpapai niliotesha kwenye viriba nikaweka ukumbini sababu ya kuku, imerefuka sana na inayumba. Shemeji yangu anasema nifukie shina kama nyanya. Ni sawa?

Jibu: Shemeji asikusogelee na jembe. Shina la mpapai ukilifukia linaoza shingoni, na mpapai ukioza shingo umekwisha. Udongo ubaki usawa uleule uliokuwa kwenye kiriba. Wewe chomeka kijiti pembeni, chelewa tatu za fagio ukizifunga pamoja zinatosha, funga mche kwa kitambaa laini, kifundo kilegee. Kisha toa nje kidogokidogo kama nilivyoeleza juu, na kuku watengenezee uzio wa wavu, kuku hawatahama. Kama kiriba kimoja kina miche miwili mitatu bakiza ulio mfupi na mnene, najua mkono unavutwa na ule mrefu.

Swali: Bibi, toleo lililopita ulisema miche ya ndani ipapaswe kwa kiganja kila siku ndo inenepe. Nafanya kila asubuhi kwenye nyanya zangu, mume wangu ananiangalia anaona nimerukwa na akili, anasema nimeanza kuombea miche. Inafanya kazi kweli au ulikuwa unatutania? *Mama wa kupapasa, Morogoro*

Jibu: Inafanya kazi mwanangu wala sikutanii. Mche wa nje unatikiswa na upepo mchana kutwa, na kila ukitikiswa unapata ujumbe kwamba hapa ukirefuka utavunjika, basi unabaki mfupi unajaza shina. Ndani hakuna upepo, kwa hiyo kiganja chako ndo upepo. Pitisha juu ya vichwa kwenda na kurudi kama mara kumi, taratibu, viiname kidogo viinuke, asubuhi na jioni ukiweza. Majani yawe makavu. Nyanya, kabichi na matango yanakubali, hoho usiipapase majani yake yanachanika. Kama una feni ya mezani unaweza kuiwasha kwa mbali, spidi ya chini kabisa, saa mbili tatu kwa siku, nayo inakausha udongo wa juu kinyausi kikose pa kukaa. Lakini hayo yote ni nyongeza juu ya mwanga, kupapasa mche ulioko gizani ni kumkanda mgonjwa asiyekula.

Mumeo mwambie ajaribu na yeye, apewe trei yake. Ila kama anavuta sigara asiziguse nyanya kabla hajanawa mikono na sabuni, tumbaku ina virusi vyake vya kutia majani mabatobato ambavyo vinakaa hata kwenye sigara iliyokauka, na vinahamia kwenye nyanya kwa vidole.

*Bibi Shamba*